Bi Ngazi, Mwongozaji wa Makumbusho ya Mji

Mama yetu, ambaye mji mzima ulimwita Bi Ngazi, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1953, kitindamimba wa tarishi wa Jumba la Halmashauri enzi za wakoloni. Walizaliwa wawili tu, yeye na kaka yake. Alisoma hadi darasa la nane, kisha akajifunza kupiga chapa.

Babu alipeleka barua za meya kwa miaka ishirini na miwili akipita ngazi za nyuma, kwani za mbele zilikuwa za wakubwa. Siku moja ya mvua, mwaka 1959, alipanda za mbele ili barua zisilowe. Alifukuzwa palepale, wanawe waliomletea chakula wakishuhudia. Kaka mtu akaapa hatakanyaga tena pale.

Mama alikanyaga. Aliajiriwa humo mwaka 1974, na jumba lilipogeuzwa makumbusho ya historia ya mji mwaka 1988, akawa mwongozaji. Kila mgeni alimpitisha ngazi za mbele. "Taratibu jamani," alikuwa akisema, "hapa unga wa mtu ulimwagika."

Kila mwaka alimsihi kaka yake: "Kaka, njoo basi hata mara moja."

"Nitakuja siku wakilibomoa."

Jibu hilo lilimuuma sana, na hakulificha.

Aliolewa mwaka 1979 na fundi saa, aliyeitwa kutengeneza saa ya ukumbini. Saa ilipona siku ileile, lakini fundi aliendelea kuja kuikagua miezi mitatu. Baba alimtangulia mwaka 2015.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Hata miguu ilipovimba alipanda na wageni wake, akipumzika kila baada ya vidato vitatu. Alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri.

Ijumaa, mjomba alikwenda kuchukua miwani na sweta ya mama vilivyobaki kabatini kule makumbusho. Mwongozaji mpya, dada mmoja, hakumjua, akamdhania mgeni, akamwunga na kundi la wageni. Mjomba mwenyewe ametusimulia kwamba alipanda nao tu ngazi za mbele. Kule juu, yule dada alieleza habari za tarishi kama alivyofundishwa na mama, akamalizia: "Aliacha watoto wawili. Wa kike ndiye aliyenifundisha kazi hii. Wa kiume bado tunamngoja."

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na kaka yake, aliyechelewa kwa siku moja.

Pumzika kwa amani, Mama. Amekwisha kuja.