Mizinga Arobaini na Posho ya Ngollo

Nisikilizeni wanangu, na wewe Benjamini weka hiyo simu chini, maana haya sikusimuliwa na mtu, nimeyaona mimi Luhende kwa macho yangu mawili, yale yaliyokuwa yakimwona nyuki akiwa juu ya mninga na kujua amekula maua gani.

Mizinga yangu arobaini iliyo msituni Goweko haigawanywi. Asali utarina wewe Benjamini, usiyeogopa moshi. Lakini fedha yake itatoka kila mwezi, sawa kwa sawa, kwako wewe, kwa Theodora aliyeolewa bila kuniaga, na kwa mdogo wako Ngollo. Ndiyo, Ngollo mlevi, tena asiulizwe anaifanyia nini. Usigune, mzaliwa wangu wa kwanza. Ngoja.

Mwaka juzi nilisikia kuna kijiji ambako wageni fulani wanaitumia kila nyumba fedha kwa simu kila mwezi, bila kazi, bila mkopo, hata bila semina. Nikajiuliza, nani hulisha ng'ombe asiyemkamua? Nikapanda baiskeli, na uzee wangu huu, nikaenda kuchungulia vyungu vya watu kama mtani msibani.

Mwanzoni walisema ni fedha ya mashetani. Mama mmoja, Mwanne, alifukia simu yake ndani ya kihenge cha mtama, ikalia humo siku mbili mpaka ikazimika. Niliporudi baada ya miezi mitatu, nikamkuta huyohuyo anakaanga dagaa, na watoto wake hawaendi tena vibarua kwenye tumbaku ya watu.

"Mwanangu, umetajirika?"

"Wapi, babu! Nimepata tarehe tu. Najua tarehe tano ikifika, kuna kitu."

Na alikuwepo Sabiri, mlevi ambaye Ngollo wetu kwake ni mwanafunzi. Kijiji kizima kilisema fedha yake itaishia kwenye gongo. Sabiri akaiezeka nyumba ya mama yake kwa mabati kumi na manane, nikayahesabu moja moja.

Babu yangu alikuwa mpagazi, alipita Kwihara na pembe ya ndovu begani, naye aliniambia posho ilitangulia mzigo. Mgonjwa na mzima walipimiwa kibaba kilekile, maana mwenye njaa habebi. Mimi nikasahau. Ngollo nilimfanya aombe chumvi, aombe daftari za mtoto, kila mara nimhubirie kwanza, hadi akaacha kuja. Miaka sita sasa. Hata leo hayupo hapa.

Benjamini, shika mkono wangu, apa kwamba utampa. Sema kwa sauti, dada yako asikie... Vema. Umeapa.

Nipeni maji... Nizikeni kwa mama yenu, upande wa kushoto, alizoea nilale huko. Nyuki wasiwahame. Mvua iwakute mmeshapanda. Mungu... awaweke chungu kimoja.

Sogea, Benjamini. Yale mabati... niliyaezeka mimi, kwa mdomo. Sabiri sikumkuta hata siku moja, alichofanya na fedha yake, sijui.

Mpe Ngollo hivyohivyo.