Wasifu wa Bi Kwanini, Mtengeneza Programu wa Benki ya Damu

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1972, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa baba fundi cherehani na mama mpishi wa shule. Jina la Bi Kwanini alipewa na baba yake kabla hajatimiza miaka mitano, likamganda kuliko lile la kwenye cheti. Familia iliishi katika vyumba viwili nyuma ya duka la ushonaji. Siku moja, akiwa na miaka saba, alitaka kujua kwa nini mkono wa shati haung'oki mtu akiinua bega. "Kwa sababu nimeushona," baba akamjibu, akaenda kula. Aliporudi alikuta shati jipya la mteja limefumuliwa mkono, vipande vimetandazwa mezani, na uzi umeviringishwa vizuri pembeni. Hakumchapa. Alimkabidhi sindano, akasema, "Umeona ulivyoingia. Haya, urudishe." Ilimchukua siku mbili. Mteja alilivaa shati lile miaka mingi bila kujua kuwa mkono wa kushoto ulishonwa na mtoto wa darasa la kwanza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kisha sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1991. Mwaka 1992 alijiunga na chuo kikuu kusomea hisabati, na huko ndiko alikoiona kompyuta kwa mara ya kwanza, katika chumba chenye baridi ambamo watu waliingia baada ya kuvua viatu. Kompyuta zilikuwa sita, wanafunzi sabini na ushee. Zamu yake ilikuwa Alhamisi, nusu saa. Siku nyingine zote aliandika programu zake kwenye karatasi, akazipitia mstari kwa mstari kama mtu anayechambua mchele, ili Alhamisi ikifika asipoteze hata dakika. Mwenzake wa chumba alizoea kumwambia, "Twende tukatembee, bibi wee. Kompyuta haitakuoa." Alicheka, akabaki. Alihitimu mwaka 1996 akiwa wa pili katika darasa lake.

Aliajiriwa tarehe 2 Septemba 1996 katika idara ya kompyuta ya benki moja. Mwaka 2004 akahamia kampuni ya kutengeneza programu, ambako alifanya kazi miaka kumi na mmoja na kufikia ukuu wa timu ya watu sita. Aliipenda kazi ile kwa moyo wake wote mwanzoni. Wateja waliagiza, timu ikajenga, watu wakapiga makofi, na baada ya muda programu ikazimwa kwa sababu mteja amebadili mkurugenzi au amebadili nia. Mwaka 2013 walimaliza mfumo waliouhangaikia miezi kumi na minne. Ulizinduliwa kwa hotuba na keki. Wiki saba baadaye ilikuja barua ya mistari miwili kusema hautatumika tena.

Hakulalamika. Ila kaka yake alipomtembelea Jumapili moja alasiri alimkuta amekaa kwenye meza ya jikoni, hajawasha redio, hajafungua dirisha, na chai mbele yake imepoa mpaka imefanya utando.

"Una nini?" kaka akamuuliza.

"Sina kitu. Na hiyo ndiyo shida yenyewe."

"Wanakulipa vizuri."

"Wananilipa. Lakini nimehesabu, kaka. Nimejenga vitu kumi na kimoja tangu nihamie pale. Tisa havipo tena duniani. Natwanga maji kwenye kinu, na kinu chenyewe kizuri."

 Kaka alimwambia apumzike kidogo, wakaagana, na hakurudi mpaka baada ya miezi mitano. Ameomba jambo hili lisomwe.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1999 na bwana mmoja mpima ardhi. Mwaka 2002 walijaliwa mimba iliyotoka ikiwa na miezi sita, na hawakupata mtoto mwingine. Mumewe alikuwa mtu wa safari za kazi, yeye mtu wa kubaki na kazi yake. Walitengana mwaka 2008 bila kelele na bila kutupiana maneno. Marehemu alipoulizwa na mdogo wake kilichowakosanisha, alisema, "Hatukukosana. Tulikuwa watu wawili wapole, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze kusema." Bwana huyo yupo hapa leo. Ametuomba tuongeze kuwa katika kungoja huko nusu ilikuwa yake.

Tarehe 1 Juni 2015 aliacha cheo, akaingia kwenye kituo cha kuhifadhi damu cha hospitali kubwa ya mji aliokuwa akiishi, ili kuitunza programu ya kuorodhesha mifuko ya damu. Wenzake wa zamani walidhani amefukuzwa. Alipewa ofisi ghorofa ya pili, lakini wiki tatu za kwanza hakuikalia. Alishuka kwenye chumba cha majokofu, akaomba stuli ya plastiki, akakaa kando ya mtaalamu wa maabara, mama wa makamo asiyependa kutazamwa akifanya kazi. Siku ya nne mama huyo akachoka kumvumilia.

"Unaniandikia ripoti?"

"Hapana. Naangalia kwa nini unaandika namba kwenye kiganja."

"Kwa sababu hii programu yenu inanipitisha kurasa nne kabla haijanipa mfuko mmoja. Na mlangoni muuguzi amesimama ananiambia mgonjwa anatokwa damu. Walioitengeneza wana akili sana. Ila hawajawahi kuwa na haraka."

Kurasa nne zikawa ukurasa mmoja. Mtaalamu wa maabara hakushukuru kwa maneno. Alianza kumwekea stuli yake mahali pasipo na upepo wa jokofu.

Mtu asifikiri kuwa tangu hapo kazi yake ilikuwa safi. Jumanne tarehe 10 Oktoba 2017 alifanya badiliko dogo bila kulijaribu vya kutosha, na kwa sababu hiyo mifuko miwili ya damu ya makundi tofauti ikapewa namba ileile moja. Asubuhi ya pili mtaalamu wa maabara aliligundua kwa macho yake mwenyewe kabla mfuko haujatoka chumbani. Kosa lingeweza kusukumiwa mashine ya kuchapa lebo, ambayo kila mtu alikuwa akiilaumu. Bi Kwanini alipanda kwa mkuu wa kituo, akasimama mbele ya meza, akasema, "Kosa ni langu. Nimelifanya jana saa nane na dakika kumi mchana." Akaandika jina lake kwenye taarifa. Kisha yeye na mtaalamu wa maabara wakazunguka wodi zote kwa miguu, siku nne, kuukagua kila mfuko uliokuwa umetoka tangu badiliko lile. Mifuko ilikuwa thelathini na saba. Yote ilikuwa sahihi, wala hakuna aliyedhurika.

Katika wodi ya wazazi walimkuta mama mmoja akiongezewa damu. Namba ilikuwa sawa, lakini Bi Kwanini alishindwa kuondoka. Akavuta kiti.

"Wewe ni daktari?" mgonjwa akamuuliza.

"Hapana. Mimi ni mtu wa kompyuta."

"Na kompyuta inanihusu nini mimi?"

 Alikaa naye mpaka mfuko ukaisha, akamsikiliza akilalamikia chakula cha hospitali. Jioni hiyo alimpigia simu kaka yake, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Miaka ishirini nauliza kama kazi hii ina maana," alisema. "Nilikuwa naitafuta maana kwenye skrini. Kumbe imelala kitanda namba tisa, inasema mchuzi hauna chumvi."

Ingekuwa vizuri kumalizia hapo, lakini kazi kuwa na maana ni jambo moja, na kuwa na mtu wa kula naye ni lingine. Marehemu aliendelea kuishi peke yake katika nyumba ya chumba na sebule, ghorofa ya tatu. Kuanzia mwaka 2020 kazi nyingi alizifanyia nyumbani. Kila siku ya kazi saa nne asubuhi alizungumza kwa simu na mtengeneza programu mwenzake wa mji mwingine, kila mmoja akikagua kazi ya mwenzake. Walifanya hivyo miaka mitano. Hawakuwahi kuonana. Kuna siku ambazo hiyo ndiyo sauti pekee aliyoisikia. Familia inakiri kwamba ilizoea kusema, "Yule anapenda utulivu wake." Ilitufaa kuamini hivyo, kwa sababu ilitupunguzia safari.

Tarehe 6 Februari 2025 madaktari walimwambia ana saratani ya kongosho. Hakumwambia mtu kwa miezi mitatu. Muda huo aliutumia kuandika maelekezo ya programu yake, kurasa mia mbili na kumi na mbili, ili atakayemrithi asianze kupapasa gizani. Ukurasa wa kwanza unasema: "Kabla hujabadilisha chochote, nenda chumba cha majokofu ukae siku tatu. Usiongee. Angalia mikono yao." Mtaalamu wa maabara ndiye aliyeona jinsi nguo zilivyompwaya, akatafuta namba ya kaka yake, akampigia bila kumwomba ruhusa. Kuanzia Mei mpaka mwisho, hakulala tena peke yake nyumbani. Binti wa kaka yake, anayeusoma wasifu huu, alihamia kwake.

Siku moja mwezi Julai, binti huyo alimuuliza akiwa anampaka mafuta miguuni, "Shangazi, ulikuwa mpweke?"

"Sana," alijibu.  "Lakini sikuwa bure. Watu huchanganya hivyo viwili. Hata mimi nilivichanganya muda mrefu."

"Ungetuambia."

"Ningewaambia nini? Njooni mnitazame nikiandika?" Akacheka mpaka akakohoa, kisha akauliza kama kuna uji.

Alifariki dunia Jumapili tarehe 17 Agosti 2025, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, wodi namba nne, kaka yake na binti huyo wakiwa wamemshika mikono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Ameacha kaka, dada na mdogo wake wa kiume, watoto saba wanaomwita shangazi au mama mdogo, bwana aliyekuwa mumewe, na mtaalamu wa maabara, ambaye familia imemwomba akae nasi mbele kama ndugu. Ameacha pia mwenzake wa saa nne asubuhi. Mwenzake huyo alifika juzi baada ya safari ya saa kumi na moja, akasimama muda mrefu mbele ya picha ya marehemu sebuleni. "Nilidhani ni mrefu," alisema. Kisha akaomba aonyeshwe mahali marehemu alipokuwa akikaa akizungumza naye, akakaa hapo.

Kwaheri, Shangazi. Upate pumziko, na pumziko hilo liwe la amani.