Doa Nililolisugua kwa Majivu

Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Msishangae kuniona nimesimama mbele, najua wengi hamjawahi kuniona mbali na ua wangu. Hapa Giteranyi mnaniita Kuku wa Kulalia, na jina hilo nimelipata kwa haki. Tangu turudi kutoka Tanzania natoka nyumbani kwa mambo matatu tu: shamba, ibada na pombe ya jirani. Ninyi mnaocheka huko nyuma, chekeni sasa hivi, maana huko mbele si pa kucheka.

Miaka mingi nilikuwa naweka tumbaku shavuni, upande wa kushoto, nakaa mlangoni naangalia wanaopita. Siku moja ulimi ukagusa kitu palepale pa tumbaku, kigumu kidogo, chenye mikunjo kama utando wa maziwa yaliyopoa. Nikachukua kioo cha mama watoto, nikavuta shavu kwa kidole. Doa jeupe, pana kama ukucha wa dole gumba. Haliumi. Nawaambia, lingeuma ningepata nafuu, ningejua la kulalamikia.

Kule Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, nikiwa mtoto, nilimwona mtu ambaye shavu lake lilitoboka. Akinywa chai inatokea pembeni. Wakubwa walisema lilianza na doa. Basi nikafanya kama mwanaume hodari: nikarudisha kioo mahali pake, nikanyamaza miezi sita.

Mnajua desturi yetu. Chungu kimoja, mrija mmoja unapita mkono kwa mkono, na mwenye nyumba anaonja kwanza ili kila mtu ajue hakuna sumu. Jirani yangu, ambaye yuko hapa na simtaji, akaonja, akanipa mrija. Nikaurudisha. Niliogopa kuwapitishia ugonjwa ambao sikuujua hata jina.

"We sha, rafiki," akasema, "unaona niliweka sumu?"

"Hapana, ni tumbo."

"Tumbo! Asubuhi umejisifu umekula sahani mbili za maharage!"

Nikaondoka. Hakunisalimia wiki tatu. Halafu Jumapili moja akaingia uani kwangu, akasimama mbele ya mke wangu.

"Mama, mi nakuja kuuliza mbele yako. Huyu kuku wako anakataa mrija wangu. Mi niliua nani?"

Mke wangu akaniangalia. "Hata mimi nina swali. Hali pilipili tena, na anatafuna upande mmoja kama mbuzi. Baba, fungua mdomo."

Nikafungua. Jirani alikuja na maneno ya kutosha mwaka mzima, akayameza yote. Akasema polepole tu, "Kesho nakupeleka Muyinga na kinga yangu, hii baiskeli."

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Alfajiri, kabla baiskeli haijafika, niliona aibu kumpelekea daktari mdomo mchafu. Nikachukua majivu na chumvi, nikalisugua lile doa mpaka nikatema damu. Nikasema, labda litatoka kabisa, tutasamehewa safari.

Daktari wa meno kule Muyinga ni dada mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Akawasha taa.

"Bon, fungua. Zaidi. Hapa umefanya nini?"

"Nimepiga mswaki."

"Na nini? Na panga?" Akaweka kioo chini. "Baba, mi natambua kwa kuangalia. Doa linalofutika na kitambaa ni jambo moja, lisilofutika ni lingine, jekundu ni lingine tena. We umechubua kila kitu. Naona kidonda cha majivu tu. Unatumia tumbaku?"

"Hapana."

Jirani akatoa kichwa mlangoni. "Dada, huyu anakudanganya. Anaitoa akilala tu!"

Daktari akanirudisha nyumbani wiki mbili: hakuna tumbaku, hakuna majivu, hakuna kitu, kidonda kipone ili doa lionekane. Ndugu zangu, wiki mbili hizo! Niliomba kidonda kipone, halafu nikaomba kisipone, kwa sababu ya kile kilichokuwa chini yake. Kilipona. Doa lilikuwapo vilevile, jeupe, linanisubiri.

Safari hii daktari alilifuta na kitambaa, halikutoka. Akalibonyeza kwa kidole, akainua ulimi wangu, akanipapasa chini ya taya mpaka shingoni akitafuta vinundu.

"Ni saratani?" nikauliza.

"Sijui. Na mtu akikwambia anajua kwa macho tu, umukimbie. Lazima wakate kipande kidogo, hospitali ya Gitega, wakipime."

Gitega! Mimi ambaye kwangu soko la Muyinga ni ughaibuni. Walinichoma sindano ya ganzi, wakakata kipande kama punje ya mchele, wakakitia kwenye chupa. Nikarudi nyumbani kusubiri. Nilimwonyesha mama watoto mpaka wa shamba la juu, jiwe kwa jiwe. Akauliza, "Mbona unanionyesha leo?" Nikaendelea na jiwe lililofuata. Akalia, nikajifanya naangalia mihogo.

Siku ya majibu, kule Gitega, niligeuka kurudi nilipofika mlangoni kwa daktari. Jirani akanisukuma mgongoni. Daktari wa Gitega akasoma karatasi, akasema: "Si saratani. Lakini si doa la kudharau. Ukirudia tumbaku linaweza kugeuka. Kila miezi mitatu uonwe." Nikakaa chini, sakafuni, na kiti kilikuwapo.

Doa limepungua, halijaisha. Wiki ijayo zamu yangu ya kuonwa inafika tena, na usingizi umeshanihama. Siwadanganyi kwamba hofu imekwisha.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama watoto, namshukuru yule dada wa Muyinga aliyekubali kusema "sijui". Kwenu nina moja tu: ukiona kitu mdomoni kisichoondoka wiki mbili, kipeleke jinsi kilivyo. Usikisugue, usikifiche, na tumbaku uitaje mwenyewe.

Na jirani yangu namshukuru kuliko wote. Kila Jumapili baada ya ibada anakuja na tochi ya simu, ananivuta shavu mbele ya watu, anasema, "Fungua, kuku." Naogopa kila mara. Nafungua.