Safu ya Nyuma, Kushoto: Maisha ya Lowell Tackett

Mchungaji, ndugu na jamaa, majirani zetu wa Kissimmee, na ninyi mliofanya kazi naye katika Bustani ya Filamu ya Lantern, mimi ni Ivette, mtoto wa pili wa marehemu, na ratiba mliyopewa mlangoni inasema nasoma kwa niaba ya familia, lakini aliyenituma si familia, ni marehemu mwenyewe, maana wiki tatu kabla hajafariki aliandika historia yake kwa penseli kwenye karatasi nne, akampa Delphine Mapp, aliyekuwa msaidizi wake ukumbini kwa zaidi ya miaka ishirini, akamwambia, "Mpe Ivette asome yeye, Curtis asiguse." Curtis ni kaka yangu, amekaa pale mbele na Mama, na tangu juzi ananiuliza kwa nini asisome yeye, mwana mkubwa, nami nimekuwa nikimjibu kwamba sijui. Najua. Nitasoma kama Baba alivyoandika, na pale alipoacha nafasi nitaijaza, kwa sababu ameniachia nafasi moja tu.

Marehemu Lowell Amos Tackett alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika mji wa Lake Wales, jimbo la Florida, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa mzee Amos Tackett, msimamizi wa mashamba ya machungwa, na Bi. Verna, aliyekuwa akipanga matunda kwenye masanduku. Alianza shule ya msingi hapo hapo Septemba 1954, na kwa maelezo yake mwenyewe alitolewa nje ya darasa mara nyingi kuliko mtoto mwingine yeyote, kwa kuwa aligonga kila kilichowekwa mbele yake, dawati, ndoo, kioo cha dirisha, si kwa ukorofi bali kutaka kusikia kinatoa sauti gani, mpaka mwalimu wake wa darasa la tano akamwambia bibi yetu, "Mama Tackett, mwanao huyu ama atakuwa mpiga ngoma ama atanitia wazimu." Alimaliza sekondari Juni 1966, akachuma machungwa kwa miaka minne, na Septemba 1970 akapanda basi kwenda Los Angeles akiwa na sanduku moja la nguo na anwani ya binamu yake.

Huko alianza kwa kufagia sakafu ya studio ya sauti, na mwaka 1973 yule mzee aliyekuwa akitengeneza sauti za nyayo aliteguka kifundo cha mguu katikati ya kazi, Baba akaweka ufagio chini, akavaa viatu vya yule mzee vilivyokuwa vinambana, akamalizia filamu nzima kwa kutembea mahali pamoja mbele ya kipaza sauti, na kuanzia siku hiyo hakushika ufagio tena. Kwa miaka kumi na sita iliyofuata, kama uliona filamu ukasikia mtu akivunjika mkono, huenda ulimsikia Lowell Tackett akivunja bua la seleri, kama ulisikia mtu akikanyaga theluji ni yeye akiminya mfuko wa ngozi uliojaa wanga wa mahindi, na farasi wake wote walikuwa vifuu viwili vya nazi na beseni la mchanga. Jina lake halikuandikwa mwishoni mwa filamu nyingi kati ya hizo, na hilo halikumuuma, au alisema halikumuuma.

Tarehe 8 Oktoba 1977 alifunga ndoa na Nereida Quiñones, mzaliwa wa Ponce, Puerto Rico, fundi wa mavazi ya waigizaji, ambaye ni mama yetu, na walibahatika kupata watoto wawili, Curtis mwaka 1979 na mimi mwaka 1982. Baba ameandika hapa pembeni, nami nasoma kama ilivyo, "Nilimpenda kwa sababu ya sauti ya mkasi wake."

Mwaka 1989 waanzilishi wa Lantern walimfuata Los Angeles wakamwambia wanajenga bustani ya burudani huku kwetu Florida ya kati, si bustani ya vikatuni na vigari vya kuzunguka tu, ila studio ya kweli yenye taa na kamera na mafundi, filamu zitatengenezwa humo na wageni watapita juu kwenye ujia wa kioo wakiona kazi inavyokwenda. Baba aliamini, akatuhamisha sote, na bustani ikafunguliwa Jumamosi tarehe 12 Mei 1990. Walitengeneza filamu tatu humo, ya mwisho mwaka 1993, kisha mafundi wakaondoka mmoja mmoja, na ule ujia wa kioo ukabaki ukitazama sakafu iliyofagiwa vizuri. Waliomleta kutengeneza sauti sasa wakamwambia aonyeshe jinsi sauti zilivyokuwa zinatengenezwa, yaani mtu mzima mwenye kazi yake aigize kazi yake, mara tisa kwa siku, katika Ukumbi wa Sauti wenye viti mia mbili na arobaini, naye akakubali kwa sababu tulikuwa tumeshanunua nyumba.

Ninyi wa Lantern mnayajua maonyesho yale, lakini wapo hapa wasioyajua. Baba alionyesha kipande cha filamu kisicho na sauti, mtu anapanda farasi wakati wa dhoruba, anafika, anavunja mlango, kisha akawaita wageni wanne kutoka kwenye viti, mmoja akapewa vifuu, mmoja seleri, mmoja mlango mdogo wa mbao, na wa nne, ambaye siku zote alichagua mtu mwenye haya, akapewa bati refu la kutikisa lililotoa sauti ya radi. Alimwambia kila mmoja maneno yale yale, "Wewe, bwana mkubwa, usitazame picha, tazama mkono wangu," na kwa zaidi ya miaka ishirini kila mwenye bati alitazama picha, umeme ukapiga, mtu akashangaa kama hakuutarajia, na radi ikaja imechelewa, watu wakaangua kicheko mpaka wakashika mbavu. Kisha Baba aliwarudishia kipande kile kile, safari hii akafanya sauti zote peke yake, na ukumbi ukanyamaza kabisa.

Mimi nililelewa humo. Mama akiwa chumba cha mavazi, basi la shule lilinishusha kwenye lango la wafanyakazi, nami nikaenda kulala Ukumbi wa Sauti, safu ya nyuma, kushoto, kwa sababu kiyoyozi cha ukumbi ule kilikuwa kibovu na hewa baridi ilitoka pale tu, na Baba alinifunika koti lake kati ya onyesho na onyesho.

Sasa nafika karatasi ya tatu, mwaka 2015, na hapa marehemu hakuandika kitu ila mstari mmoja, nao unasema, "Safu ya nyuma, kushoto. Hapa Ivette aseme."

Mwaka 2007 niliajiriwa Lantern kuuliza wageni maswali langoni, na kufikia 2015 nilikuwa katika ofisi ya utafiti, chini ya mkuu wa mipango, Bwana Brandt Halloway, ambaye hayupo hapa leo ingawa alialikwa. Agosti ile aliniita akaniambia, "Ivette, wakubwa wanataka kujua kama bustani ya filamu bado inahitaji maonyesho ya nyuma ya pazia. Siku hizi mtoto akitaka kujua filamu inatengenezwaje anafungua simu yake. Watu wanataka kuingia kwenye filamu, hawataki kuingia jikoni kwake. Hesabu wageni Septemba, uniletee jibu linaloeleweka."

Kila mtu aliyefanya kazi katika bustani za huku anaijua Septemba, shule zimefunguliwa, mvua kila alasiri, vimbunga kwenye taarifa ya habari, huwezi kuhesabu hata foleni ya kigari maarufu ukapata watu wa maana, na Septemba ile kitreni kinachofika nyuma ya bustani, uliko Ukumbi wa Sauti, kilikuwa kimefungwa kwa matengenezo, mtu alipaswa kutembea juani au mvuani robo saa kwenda kusikiliza vifuu. Niliyajua yote hayo na sikuandika hata moja. Niliandika kwamba ukumbi una wageni wachache, na kwamba wengi wao hawafuati maonyesho, wanafuata ubaridi, hasa wanaokaa safu ya nyuma upande wa kushoto, na kwa swali la wakubwa nikajibu hapana. Ripoti haikubeba jina langu, ilibeba jina la ofisi. Mwezi uliofuata nikapandishwa cheo.

Mama, najua unalisikia hili kwa mara ya kwanza, nakuomba usisimame, nami siombi zaidi ya hapo. Ningeweza kusema nilitaka Baba apumzike, alikuwa na miaka sitini na saba na magoti yamekwisha, na kwa miaka yote hii ndivyo nimekuwa nikijiambia, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nikimwonea aibu, nilipita na wageni wa ofisi nikamwona baba yangu anagonganisha vifuu mbele ya viti vitupu, nikageuza njia.

Bwana Halloway aliwasomea wafanyakazi ripoti ile Oktoba, kueleza kwa nini ukumbi utafungwa, na Delphine, aliyekuwa amekaa kando ya Baba, ameniambia wiki hii kwamba alipofika kwenye ile safu ya nyuma upande wa kushoto Baba aliinua kichwa, akakaa hivyo mpaka mwisho, kisha akasema tu, "Aliyeandika anapafahamu." Hakuna mtu mwingine wa ofisini aliyejua hewa ilitokea wapi. Nilijua mimi na yeye.

Jumapili moja ya baadaye tulikula nyumbani kwake, wali wa mbaazi wa Mama na nguruwe wa kuoka, na Curtis, aliyekuwa amekusanya sahihi elfu sita za kuutetea ukumbi, alipiga meza akasema, "Huyo mpumbavu aliyeandika hivi hajawahi kukanyaga ukumbi wa Baba hata siku moja!" Baba akasema, "Ivette, mpe kaka yako wali," nikampa. Nilidhani hajui. Aliishi miaka tisa na ushee baada ya hapo, akanipigia simu kila Alhamisi, akaniuliza gari langu linaendeleaje, na hakuwahi kuniuliza.

Onyesho la mwisho lilikuwa Jumapili tarehe 31 Januari 2016, na kama ilivyo desturi ya watu wa bustani hizi siku jengo linapofungwa, wapenzi wake walikuja kutoka majimbo ya mbali, wakajaza viti vyote na ngazi na ukuta wa nyuma, wakalia, na Baba alipouliza nani atashika bati mikono yote iliinuka. Mimi sikuwapo, nilisema nina kikao. Mahali pale sasa kuna duka la taa za plastiki. Na Mei mwaka jana Lantern, katika kusherehekea siku ya kufunguliwa kwake, ilitoa fulana zenye picha ya Ukumbi wa Sauti, na watu walisimama kwenye foleni kwa muda wa saa nne kununua fulana ya ukumbi ambao mimi niliandika kwamba hakuna anayeutaka. Curtis alimletea Baba moja. Aliitumia kufutia miwani.

Karatasi ya nne inaendelea. Marehemu alianza kuugua mapafu mwaka 2021, akatibiwa hapa Kissimmee na baadaye Orlando, na kuanzia Novemba mwaka jana alihudumiwa nyumbani kwa mashine ya hewa, ambayo alilalamika kwamba ina sauti mbaya na angeweza kutengeneza nzuri zaidi kwa mrija na puto. Alifariki Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, saa tatu asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu na masanduku kumi na moja ya viatu visivyo vyake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi aliyekuwa akija nyumbani na kumwacha asikilize kifua chake mwenyewe, inawashukuru majirani kwa chakula na viti, na Delphine pamoja na wenzake wa ukumbi ambao walimtembelea kila mwezi mpaka mwisho. Tumepokea pia shada la maua la Lantern lenye umbo la taa, nembo yao, na kadi inayosema amekuwa mwanafamilia wao, shada hilo limewekwa nje.

Nimegeuza karatasi zote nne mbele na nyuma nikitafuta neno la kunisamehe, na halipo. Baba hakuwa mtu wa kuweka sauti mahali pasipo na kitu. Kilichopo, chini kabisa, ni maelekezo ya kazi, kwamba historia ikimalizika Delphine asimame kando ya jeneza na kuinua mkono, na Ivette atikise bati, na mbele ya jina langu ameandika maneno yale aliyowaambia wageni wote kwa miaka yote ile.

Bati ni hili hapa. Mimi ndiye niliyetazama picha, Baba, na radi yangu imechelewa miaka tisa, na hakuna anayecheka. Delphine, nauona mkono wako, sitazami kwingine, inua ukiwa tayari. Lala sasa, Lowell Tackett, upumzike kwa amani.