Sifuri ya Swali la Tangi

Kwenye kiti cha mbele yangu basini, mwalimu alikuwa akisahihisha mitihani ya hesabu mapajani. Fundi cherehani aliyeketi kando yake alichungulia bila hata kuomba radhi. "Mwalimu, mbona sifuri kwenye swali hili la tangi la maji? Njia yote iko sawa."

"Amenakili 16 badala ya 19, mama. Jibu si sahihi, na kwa kukosa alama mbili za swali hili atarudia darasa."

"Mmoja wa wanafunzi wangu watatu akikosea kipimo, simwambii hajui kushona. Namwita anionyeshe alivyokata."

"Wako ni watatu, mama. Wangu ni tisini!"

"Basi mwite huyu mmoja."

Nilijifanya natazama dirishani. Basi liliposimama, sifuri ilikuwa palepale. Ila kando yake mwalimu alikuwa ameandika: "Kesho njoo unieleze."