Vifungo Sita

Manyunyu yalikuwa yakiteleza kwenye dirisha la treni na nusu ya abiria wakisinzia, kinyozi mmoja mzee aliposoma maandishi kwenye sare ya binti aliyeketi kando yake. Akamwuliza kama kweli kazi yake ni kufundisha watu kuvaa nguo.

"Waliopooza mkono, baba. Kuvaa, kushika kijiko, kuchana nywele."

"Basi ni wenzako walioniingilia nyumbani," akasema bila hasira. Mkewe alipata kiharusi mwaka jana. Tangu hapo mzee alimfungia vifungo vya blauzi kila asubuhi, vyote sita, polepole, naye mke akimsimulia alichoota. "Miaka thelathini na mbili ya ndoa, sikujua kama anaota. Sasa mtaalamu kasema nisimguse, ajifunge mwenyewe. Anahangaika nusu saa, kimya, kauma ulimi."

"Ukimfungia, mkono wake utasahau kazi."

"Na akijifungia, si atanisahau mimi?"

Mimi, niliyeketi mkabala nao, nilikuwa kwenye ukurasa uleule wa gazeti tangu stesheni iliyopita, nikajitia naanza upya.

"Jana kafunga viwili," mzee akaendelea. "Nikampigia makofi, halafu nikaenda jikoni kutafuta kiberiti nilichokuwa nacho mfukoni."

"Ndoto ya mwisho aliyokusimulia, baba, ilikuwa ipi?"

Mzee akageukia dirisha.

"Alikuwa akinifunga mimi vifungo," akasema. "Kwa mikono yote miwili."

Treni ikasimama stesheni ya mwisho. Hakuna aliyeinuka kati yetu watatu.