Jumbe Aliyewafukuza Watu wa Mwezini

Mwaka ule wa uhuru, ndani ya basi la Msambweni, kijana aliyekaa mbele yangu alimwamkia mama wa kiti cha pili, akamwambia yeye ni Chome, anaigiza filamu ya Wazungu pale Diani, na leo anakwenda kujibiwa posa.

“Katika hadithi ya kwanza, shangazi, watu wa mwezini wanashuka ufuoni, na mimi, jumbe, ninawafukuza. Wakwe wanajua hiyo.” Mama akauliza, “Kwani ziko ngapi?” “Filamu ni moja, hadithi ndiyo wanaibadilisha kila mara. Ya pili ninawakaribisha kwa madafu. Ya tatu wananichukua.” “Kijiji kinalia?” “Kinashukuru. Sasa wameandika ya nne: anayewafukuza ni Mzungu, mimi ninambebea sanduku.”

Bendera yetu ilikuwa bado mpya. Nikatazama dirishani nisije nikacheka.

“Waambie ukweli, mwanangu. Sinema itafika na huku.” “Itanikuta nimeshaoa! Na huenda wakaandika ya tano.”

Basi likasimama. Shemeji zake walikuwa wakingoja, wakaita, “Jumbe! Jumbe!” Chome akashuka mbele ya yule mama akiwapungia mkono taratibu, kijumbe kabisa. Begani alikuwa na kikapu cha yule mama, wala hakuombwa.